Damu ilisema hapana: uchambuzi wa kisa cha ugonjwa wa kurithi uliojirudia kwa wazazi wenye afya

Usuli

Kisa hiki ni cha mume na mke wenye afya njema waliopoteza watoto wawili kwa ugonjwa mmoja wa kurithi, ule wa mifupa inayovunjika ovyo (osteogenesis imperfecta), ilhali vipimo vya damu vilikwisha kuonyesha kwamba hakuna kati yao aliye nao. Nimekiandika kwa ajili ya wauguzi, wakunga, walimu wa baiolojia na washauri wenzangu wa masuala ya urithi. Mashine zilifanya kazi yake sawasawa. Kosa lilikuwa letu tuliozisoma, na mimi nilikuwa mmoja wao. Majina, umri kamili, mahali na tarehe vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa kiini cha kisa yamebadilishwa ili familia isitambulike.

Wote wawili walikuwa na umri wa miaka thelathini na ushei. Hawana udugu wa damu. Tulipochora ukoo wa kila mmoja hadi kwa mababu, hatukupata mtu anayevunjika mifupa ovyo, wala mwenye weupe wa macho ulioingia rangi ya bluu, wala aliyepoteza usikivu akiwa kijana. Mume aliwahi kuvunjika mkono mara moja utotoni akicheza mpira, jambo tuliloliandika kisha tukalisahau, na tulikuwa na haki ya kulisahau.

Mimba ya kwanza

Ultrasaundi ya wiki ya 20 ilionyesha mifupa ya mapaja iliyo mifupi na kupinda, na mbavu zenye vinundu kama shanga, yaani zilikuwa zimevunjika na kuunga humo humo tumboni. Ubongo ulionekana vizuri kuliko kawaida. Kwa asiyezoea kusoma picha hizi, hilo lingeonekana kuwa jambo jema, lakini maana yake ni kwamba fuvu lililopaswa kuyazuia mawimbi ya sauti halijakomaa kuwa mfupa.

Mtoto alizaliwa, akaishi saa chache. Kifua kilikuwa kidogo na laini mno kuvuta pumzi. Kabla ya mazishi, wazazi waliombwa ruhusa ya kuchukua damu ya kitovu na kuhifadhi DNA, wakakubali. Aliyewaomba ni muuguzi wa zamu, kwa upole, usiku, wakati madaktari wote wameshaondoka. Kila kilichofuata kilitegemea kichupa kile.

Maabara ilikuta kosa la herufi moja kwenye jeni ya COL1A1, iliyo katika kromosomu ya 17. Jeni hii hubeba maelekezo ya mnyororo mmojawapo wa kolajeni ya aina ya kwanza, ile kamba ya protini inayoupa mfupa ushupavu. Kamba moja husokotwa kwa minyororo 3. Katika kila mnyororo, kila kiungo cha tatu ni glisini, asidi amino ndogo kuliko zote, kwa sababu katikati ya msokoto hakuna nafasi ya kitu kikubwa zaidi. Kwa mtoto huyu, glisini moja ilikuwa imebadilishwa kuwa serini. Tofauti yenyewe ni ya atomu chache tu, lakini inatosha kuufanya msokoto ukwame.

Hapa kuna hesabu ambayo hunisaidia sana ninapofundisha. Minyororo 2 kati ya 3 ya kila kamba hutoka kwenye COL1A1. Ukiwa na nakala moja nzima na nyingine mbovu, nusu ya minyororo hiyo ni mibovu, na ikichanganywa bila mpangilio, kamba 3 kati ya kila 4 zitakuwa na angalau mnyororo mbovu mmoja. Ndiyo maana nakala mbovu kutoka kwa mzazi mmoja tu huleta ugonjwa, na nakala nzima ya mzazi mwingine haiwezi kumwokoa mtoto. Inafuata pia kwamba mtu mwenye kosa hili katika seli zote za mwili hawezi kufika miaka thelathini akicheza mpira bila mtu kugundua. Kabla hata ya kuwapima wazazi tulijua kwamba hakuna kati yao aliye nalo mwili mzima.

Hata hivyo tuliwapima damu, kwa njia ya kawaida ya kusoma DNA. Herufi ilikuwa sahihi kwa wote wawili.

Barua

Ripoti ya maabara ilisema: “Badiliko halikuonekana katika sampuli za damu za wazazi.” Mimi ndiye niliyeandika barua ya familia. Niliandika kwamba wazazi hawana badiliko hilo, kwamba kosa limezuka upya wakati mtoto anatungwa, na kwamba uwezekano wa kujirudia ni sawa na wa familia nyingine yoyote.

Siku ya kuwaeleza niliwachorea mchoro ule ambao kila mwanafunzi wa sekondari ameuona. Seli ya mwili yenye kromosomu 46 hugawanyika na kutoa seli 2 zenye 46 kila moja: hiyo ni mitosisi. Seli iliyo kwenye ovari au korodani hupitia migawanyiko 2 na kutoa seli zenye kromosomu 23: hiyo ni meiosisi. Yai lina 23, mbegu ya kiume ina 23, zikikutana hesabu inarudi 46. Nikawaambia, seli zenu ni safi, kwa hiyo mayai na mbegu ni safi, ajali ilitokea siku ile moja.

Mke aliuliza kama wasubiri muda gani. Mume aliuliza swali ambalo hadi leo linanisumbua: “Daktari, mmepima damu. Je, mtoto hutoka kwenye damu?” Nilitabasamu nikamwambia kwamba DNA ni ileile mwili mzima, ukipima popote umepima pote.

Mimba ya pili

Walirudi baada ya mwaka mmoja na nusu. Kwa kuwa barua ilisema hakuna hatari ya ziada, hakuna aliyepanga kipimo cha mapema. Katika wiki ya 19 picha ilikuwa ileile: mapaja yaliyopinda, mbavu zenye shanga, fuvu lisilozuia mawimbi. Mimba hiyo pia iliisha kwa msiba.

Katika ukoo maneno yalianza. Kwa kuwa mwanamke ndiye abebaye mimba, macho yalimgeukia yeye. Hatukulijua hilo mpaka alipotueleza mwenyewe, akiwa peke yake. Kwenye kikao chetu cha ndani nako kulitokea jambo lisilopendeza: mwenzetu mmoja alipendekeza tuangalie kwanza kama baba ni baba kweli. Pendekezo hilo halikuwa na mantiki hata kidogo, kwa sababu baba mwingine asingeeleza kwa nini kosa lilelile limetokea mara mbili. Nalitaja kwa sababu ndipo akili ya mtaalamu inapokimbilia pindi barua yake mwenyewe inapokosea.

Tulichoamua na kwa nini

Tulikuwa na maelezo matatu ya kuchagua.

La kwanza, kwamba huu ni ugonjwa wa aina nyingine, ule wa kurithi nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili. Wazo hili lina historia. David Sillence alipogawanya ugonjwa huu katika aina 4 mwaka 1979, aina ya pili, ile kali inayoua watoto wachanga, ilihesabiwa kuwa ya nakala mbili mbovu, kwa sababu ndugu wawili wa wazazi wenye afya walikuwa wameonekana kuugua. Katika miaka ya 1980 ikabainika kwamba kwa watoto wengi wa aina hiyo ni nakala moja tu iliyoharibika. Kisha mwaka 2006 ikapatikana jeni nyingine, CRTAP, ambayo kweli huleta ugonjwa kwa nakala mbili. Kwa hiyo ilibidi tuangalie jeni zote za namna hiyo. Hatukukuta kitu humo. Tulichokuta kwa mtoto wa pili ni kosa lilelile la COL1A1, herufi ileile, mahali palepale. Tuliweza kusema “lilelile” kwa sababu ya kichupa cha muuguzi.

La pili, bahati mbaya mara mbili. Herufi moja mahususi ya DNA hupata kosa jipya, kwa wastani, kama mara 1 katika milioni 100 kwa kizazi. Litokee mara mbili kwa wazazi walewale, kila mara likijitegemea? Tulilitupa wazo hilo bila mjadala.

Likabaki la tatu: mmoja wa wazazi ana kundi la seli za uzazi zenye kosa, ilhali seli za damu yake hazina, au zina kidogo mno kiasi cha kutoonekana. Mtu wa namna hiyo huitwa mozaiki. Mwili wake umetokana na yai moja lililorutubishwa, lakini njiani seli moja ilikosea kunakili, na wajukuu wote wa seli hiyo wakalibeba kosa.

Mzazi gani, basi? Tungeweza kuomba shahawa za mume siku hiyohiyo. Tulichagua kutumia kwanza DNA ya watoto. Kando ya herufi mbovu kuna herufi jirani ambazo hutofautiana kati ya mtu na mtu; ukizisoma kwa pamoja katika uzi mmoja mrefu, unajua uzi huo umetoka kwa baba au kwa mama. Sababu ya kuanza huko ilikuwa ya kiutu zaidi kuliko ya kisayansi. Mayai hayapimiki kwa wingi. Mwanamke huzaliwa nayo yote aliyojaliwa, kati ya milioni 1 na 2, yakiwa yamesimama katikati ya meiosisi, na huyatoa moja moja kila mwezi. Laiti shahawa zingerudi safi, mke angebaki ndiye mshukiwa bila kipimo cha kumwondolea tuhuma wala kuithibitisha. Tulitaka jibu lisilomwacha mtu njia panda.

Jibu lilikuwa wazi: kwa watoto wote wawili, uzi wenye kosa ulikuwa wa baba.

Kipimo cha mbegu

Mume alisita. Hakukataa, ila alikaa wiki tatu bila kujibu simu. Alipokuja alisema alikuwa akijiuliza amefanya nini: dawa za shambani alizowahi kunyunyizia, sigara za ujanani. Tutarudi kwa swali lake.

Tulichukua sampuli 3 kutoka kwake: damu, seli za ndani ya shavu na shahawa. Safari hii DNA ilisomwa kwa kina, kila herufi ikirudiwa mara maelfu. Njia ya kawaida tuliyotumia mwanzo haioni vizuri kosa lililo chini ya asilimia 15 hadi 20 ya nakala, kwani mwanga wake humezwa na mwanga wa herufi nzima.

Kuhusu shahawa kuna tahadhari ambayo haimo katika fomu nyingi za maabara. Shahawa si mbegu tupu. Ndani yake mna chembe nyeupe za damu na seli nyingine za mwili, na DNA ya mbegu imefungwa kwa protini za pekee zinazoifanya iwe ngumu kufunguka. Fundi akitumia dawa za kawaida za kutoa DNA, atapata zaidi ile ya seli za mwili, na mbegu zitabaki zimefungwa. Atakuwa amepima seli za mwili mara nyingine, kwenye kichupa chenye lebo ya shahawa. Tulipiga simu na kuhakikisha mbegu zimetengwa kwanza.

Majibu: katika damu, kosa lilionekana kwenye asilimia 0.6 ya nakala. Shavuni, asilimia 1. Kwenye mbegu, asilimia 13.

Namba hizi hazisomwi kwa namna moja, na hapa ndipo tofauti ya seli za mwili na seli za uzazi inapoacha kuwa somo la darasani. Seli ya mwili ina nakala 2 za jeni. Seli yenye kosa huwa na nakala moja mbovu na moja nzima, kwa hiyo asilimia 0.6 ya nakala ni takriban asilimia 1.2 ya seli. Mbegu ina nakala 1 tu. Asilimia 13 ya nakala ni asilimia 13 ya mbegu, hakuna cha kuzidisha wala kugawanya, na hiyo ndiyo hatari yenyewe kwa kila mimba: karibu mtoto 1 kati ya 8. Ukitaka kujua hali ndani ya korodani, rudi nyuma hatua moja. Seli mama za mbegu zina nakala 2, na meiosisi hupeleka kosa kwa nusu tu ya mbegu zinazotoka humo, kwa hiyo takriban robo ya seli mama zina kosa. Niliona wataalamu wawili katika chumba kimoja wakiizidisha 13 mara mbili na kumtajia mume hatari ya asilimia 26.

Njia mbili zinapoachana

Namba hizo pia zilimjibu mume swali lake.

Katika wiki ya pili hadi ya tatu ya kiinitete, kabla moyo haujaanza kupiga, seli chache hutengwa na zile zitakazojenga mwili. Huonekana kwenye ukuta wa mfuko wa kiini, nje ya mwili unaojengwa, kisha husafiri hadi mahali ambapo ovari au korodani zitatokea. Kutoka hapo njia zimeachana. Ngozi, damu, ini na ubongo vitagawanyika, vitachakaa na kufa pamoja na mwenyewe. Zile chache zilizotengwa ndizo pekee zenye safari ya kwenda kwa mtoto.

Kosa la mume lilikuwapo kidogo katika damu, kidogo shavuni na kwa wingi katika mbegu. Ili lipatikane pande zote, lazima lilizuka kabla njia hazijaachana. Ili liwe jingi kwenye mbegu, lazima liliiangukia seli ambayo wajukuu wake wengi waliingia katika lile kundi dogo lililotengwa. Seli chache zikianzisha ukoo mzima, moja yenye kosa huwa na sauti kubwa. Kwa maneno mengine, kosa hilo lilitokea yeye mwenyewe akiwa kiinitete cha siku chache, tumboni mwa mama yake. Sigara na dawa za shambani zilikuja miaka mingi baadaye. Nilipomweleza hayo alinyamaza, akauliza mara mbili kama nina uhakika, kisha akamtazama mkewe.

Mwishoni mwa karne ya 19, mwanabaiolojia wa Ujerumani August Weismann alikata mikia ya panya kwa vizazi 5 mfululizo. Watoto 901 walizaliwa, na hakuna hata mmoja aliyekosa mkia. Somo ambalo wengi wetu tulilichukua hapo ni kwamba linaloupata mwili halimfikii mtoto. Ni kweli. Ila mpaka huo una pande mbili, na upande wa pili haufundishwi kwa nguvu ileile: kilichomo katika seli za uzazi hakilazimiki kujionyesha mwilini. Niliufundisha mpaka kama ukuta unaomlinda mtoto dhidi ya majeraha ya mzazi, nikasahau kwamba ukuta huohuo unanizuia mimi nisione.

Mke naye aliuliza kama mumewe anaweza kutibiwa. Nilimpa mfano wa seli mundu. Mgonjwa akipandikizwa uboho wa mtu asiye na jeni ya seli mundu akapona, damu inayotembea mwilini mwake ni ya aliyemchangia. Ukiipima, jeni ya seli mundu haipo. Mayai au mbegu zake hazijaguswa, na kila mtoto wake bado atarithi jeni hiyo. Mtaalamu asiyejua historia yake akampima damu tu, atamwandikia barua kama niliyoiandika mimi.

Uamuzi wa wanandoa

Tuliwawekea njia mezani: kubeba mimba kwa kawaida na kupima mapema, kurutubisha mayai maabara na kupima viinitete kabla ya kuvipandikiza, kutumia mbegu za mchangiaji, kuasili, au kuishia hapo. Mume aliuliza kwa nini tusichuje mbegu nzuri na mbovu. Haiwezekani, kwani kusoma DNA ya mbegu kunaiharibu mbegu hiyohiyo.

Walichagua njia ya kwanza. Mke alisema kwamba 7 kati ya 8 ni namba anayoweza kulala nayo, na kwamba afadhali kujua katika wiki ya 11 kuliko ya 19. Hatukuwashauri hivyo wala kuwashauri kinyume chake.

Matokeo

Mimba ya tatu ilipimwa katika wiki ya 11 kwa kuchukua nyama kidogo ya kondo la nyuma. Maabara ilihakikisha kwanza kwamba seli za mama hazijachanganyika humo. Herufi ilikuwa sahihi.

Kulikuwa na jambo jingine katika ripoti ambalo nusura litupoteze tena. Mtoto alikuwa amerithi kutoka kwa baba uzi uleule wa kromosomu ya 17 waliourithi ndugu zake wawili, wenye herufi jirani zilezile, ila bila kosa. Kwa baba wa kawaida mwenye ugonjwa hilo haliwezekani: uzi wake mbovu ni mbovu katika kila seli. Kwa mozaiki, uzi huohuo upo kwa sura mbili, safi na mbovu, kutegemea mbegu imetoka kwenye ukoo upi wa seli. Zipo njia za kupima, hasa kwa viinitete, zinazofuata herufi jirani badala ya kusoma kosa lenyewe. Laiti tungetegemea hizo pekee, mtoto mzima angehesabiwa mgonjwa.

Ultrasaundi ya wiki ya 20 ilikuwa na mapaja yaliyonyooka. Mtoto alizaliwa kwa wakati wake.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kilichotuvusha ni kuhifadhi DNA ya mtoto wa kwanza, kutafuta uzi wa mzazi kabla ya kuomba shahawa, na kuzungumza na mke akiwa peke yake angalau mara moja. Kuhusu ndugu wa ukoo, jibu lilikuwa jepesi kuliko walivyotarajia. Maadamu kosa lilizukia ndani ya mume mwenyewe, kaka na dada zake hawana hatari ya ziada, wala ndugu za mke, waliokuwa wameanza kuogopa kuzaa. Mtoto wa tatu, asiye na kosa, hana cha kumpitishia mtoto wake. Angekuwa amelirithi, lingekuwa katika seli zake zote, za mwili na za uzazi, na hatari kwa kila mtoto wake ingekuwa nusu kwa nusu. Umozaiki wenyewe haurithiwi.

Kilichoshindwa kinaonekana ukiweka sentensi tatu pamoja. Maabara ilisema: halikuonekana katika damu. Barua ikasema: wazazi hawana. Mdomo wangu ukasema: halitajirudia. Kila sentensi inafanana na iliyotangulia kiasi kwamba mtu haoni aliporuka. Ya kwanza inahusu kijiko cha seli za mwili. Ya pili inahusu watu wawili wazima. Ya tatu inahusu mbegu na mayai ambayo hakuna aliyeyagusa. Kwa ugonjwa huu, uwezekano wa kujirudia baada ya mtoto mmoja, hata damu ya wazazi ikiwa safi, huhesabiwa kuwa asilimia chache. Ni ndogo, lakini inatosha kumpa mama picha ya ultrasaundi mapema katika mimba inayofuata. Kwa makosa yetu, mimba ya pili haikupata hata hiyo.

Mchoro wangu wa 46 na 23 nao una lawama yake. Si mbaya, ila unahesabu kromosomu tu. Hausemi seli za uzazi zilitengwa lini wala zilitoka wapi, na kwa hiyo unamwachia mtazamaji dhana kwamba mwili wote ni karatasi moja iliyonakiliwa bila dosari mpaka siku ya meiosisi. Siku hizi naanza na yai lililorutubishwa, nachora matawi, kisha natia doa jekundu kwenye tawi moja na kumwuliza mtu: nikichota damu hapa, nitaliona? Mume wa kisa hiki angejibu bila kufundishwa. Aliuliza swali hilohilo siku ya kwanza.

Sentensi ya barua imebadilishwa. Sasa inataja ni seli zipi zilizopimwa, kwa njia gani, na inaacha asilimia chache wazi. Tulipofungua kabati tulikuta barua nyingine 11 nilizoziandika kwa maneno yale ya zamani, kwa familia zilizopata mtoto mmoja mwenye kosa jipya. Nane tumewapata kwa simu. Mmoja alikuwa tayari na mimba ya wiki 14, akapewa nafasi ya ultrasaundi wiki hiyohiyo. Tatu bado tunazitafuta.